Breki za ABS kwenye Pikipiki: Je, Zina Faida kwa Mtu wa Boda Boda?



Swali la somo letu safari hii halikutoka ofisini. Lililetwa na kijana mmoja wa stejini, mwanachama wa kikundi cha akiba, Jumapili moja watu walipokuwa wanatoka ibadani. Kwa miaka mitatu ameendesha pikipiki ya mtu mwingine, jioni anapeleka hesabu na kubaki na kidogo. Sasa amejikusanyia pesa za kununua yake mwenyewe. Dukani ameonyeshwa mbili. Ya kwanza ni ya kawaida, ndugu ya zile zote zilizopangwa hapo stejini. Ya pili ni ghali zaidi, ina diski mbele na herufi tatu zimeandikwa kwenye madigadi: ABS. Muuzaji alimwambia ati hiyo haianguki. Wazee wa stejini wakamwambia huo ni urembo wa kula pesa za watu.

"Mwalimu," akaniuliza, "mimi nishike gani?"

Nilimwomba wiki moja. Si swali la kujibu mtu akiwa amesimama na viti vya kanisa havijapangwa. Nikikosea upande mmoja kijana atapoteza akiba ya miaka mitatu. Nikikosea upande wa pili huenda akapoteza mguu, na mguu hauna akiba.

Kwanza nikiri kosa langu

Mimi mwenyewe niliendesha pikipiki ya kazi miaka mingi nikizuru vikundi vijijini. Aliyenifunza alinipa sheria moja tu juu ya breki: "Ya mbele usiiguse, itakurusha." Nikaishika kama amri. Waya wa breki ya mbele ulilegea mpaka mkono wa breki ukawa unagusa usukani, nami sikujali, kwa maana sikuwa na haja nao.

Siku moja nilikuwa nateremka Nyang'ori kuelekea Mamboleo. Mvua ndiyo kwanza inaanza, zile dakika za mwanzo ambapo vumbi na oili ya barabarani hugeuka kama sabuni. Lori lililokuwa mbele yangu likapunguza mwendo ghafla. Nikakanyaga breki ya mguu kwa nguvu zangu zote. Gurudumu la nyuma likajifunga, likaanza kuteleza kando kama linataka kunipita, na lori linazidi kuja. Nilianguka na pikipiki ubavuni, tukateleza pamoja mpaka mtaroni. Nilichubuka mkono na nyonga, na suruali ikaishia hapo. Lori liliendelea na safari yake. Sidhani dereva alijua kama nyuma kulikuwa na mtu.

Kwa miaka mingi nilisimulia kwamba siku ile breki zilinitupa. Kumbe nilitumia nusu ya breki, tena ile nusu ndogo. Nasimulia haya kwa sababu bila kuelewa kisa hiki huwezi kujua ABS ina faida gani.

Kwa nini breki ya mbele ndiyo kubwa

Mpakie mtu nyuma halafu funga breki. Kifua chake kinakugonga mgongoni, sivyo? Uzito unakimbilia mbele. Pikipiki yenyewe nayo hufanya vivyo hivyo. Gurudumu la mbele linakandamizwa chini, linashika barabara vizuri zaidi. La nyuma linabaki jepesi, na tairi jepesi halishiki kitu. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hubeba karibu asilimia 70 ya kazi yote ya kusimamisha pikipiki. Ukipakia gunia la mahindi au abiria mzito nyuma, breki ya nyuma inaongezeka nguvu kiasi, lakini ya mbele bado hutaweza kuikosa.

Tupige hesabu kidogo. Kwa kasi ya kilomita 60 kwa saa unapita karibu mita 17 kila sekunde. Kwa hiyo ile sekunde moja ya kushtuka, kabla hujagusa breki yoyote, umeshakula mita 17. Hapo wote tuko sawa, mjuzi na asiyejua. Baada ya hapo, anayetumia breki zote mbili vizuri kwenye lami kavu atahitaji kama mita 20 kusimama. Anayetumia ya nyuma peke yake atahitaji kama mita 40. Tofauti ni mita 20, karibu urefu wa mabasi mawili yaliyofuatana.

Ukiigeuza hesabu hiyo utaona jambo la kutisha zaidi. Pale ambapo mwenzako wa breki mbili amesimama kabisa na ameweka mguu chini, wewe wa breki ya nyuma peke yake bado unapita kwa zaidi ya kilomita 40 kwa saa. Kama kilichoko hapo ni mtoto anayevuka, basi mmoja wenu atamsalimia mtoto na mwingine atamgonga.

Lakini wale wanaoogopa breki ya mbele si wajinga. Hofu yao ina mizizi. Mnakumbuka tukiwa watoto tulivyokuwa tukikimbiza rimu ya baiskeli kwa kijiti? Ikizunguka inasimama wima yenyewe. Ikiacha kuzunguka inalala. Gurudumu la mbele la pikipiki ni hivyo hivyo. Ukiikamata breki ya mbele kwa pupa kwenye murram, kwenye mchanga au kwenye lami iliyolowa, gurudumu linajifunga, linaacha kuzunguka, usukani hausikii tena, na kabla hujahesabu moja uko chini. La nyuma likijifunga, mara nyingine unaweza kuokoka. La mbele likijifunga, ni nadra. Hivyo mwendeshaji yuko kati ya mambo mawili. Breki yenye nguvu ndiyo hiyo hiyo inayoangusha. Na akishtuka, hana muda wa kupima.

Hapo ndipo ABS inapoingia.

ABS inafanya nini

Kwenye gurudumu kuna duara dogo la chuma lenye meno au matundu, na kando yake kihisi kinachohesabu meno hayo yakipita. Kihisi hupeleka habari kwenye kompyuta ndogo. Kompyuta ikiona gurudumu linapungua mwendo kwa haraka mno, yaani linataka kujifunga, inafungua vali na kupunguza nguvu ya mafuta ya breki kwa kitambo kidogo sana, gurudumu linazunguka, kisha inarudisha nguvu. Inafanya hivyo mara nyingi kwa sekunde moja. Wewe umekamata breki tu kwa nguvu zako zote. Utasikia mkono wa breki unatetemeka kidoleni. Usiachie! Wengi wakisikia mtetemo huo mara ya kwanza hudhani kitu kimevunjika, wakaachia breki wakati ule ule wanapoihitaji.

Kwa hiyo ABS haifanyi breki kuwa kali zaidi. Kazi yake ni kuzuia gurudumu lisijifunge, ili mtu aliyeshtuka aweze kuikamata breki ya mbele bila kupigwa chini. Mwendeshaji hodari, akiwa ametulia na barabara ni kavu, anaweza kusimama vizuri hata bila ABS. Sasa nionyeshe mtu aliyetulia wakati matatu imemkatia njia.

Si jambo la jana. Mwaka 1958 Waingereza walijaribu kifaa cha namna hii, kilichotoka kwenye ndege, katika pikipiki ya Royal Enfield Super Meteor, lakini hakikufika sokoni. Pikipiki ya kwanza kuuzwa ikiwa na ABS ya umeme ilikuwa BMW K100 ya Ujerumani mwaka 1988, na kifaa chenyewe kilikuwa na uzito wa kilo 11 hivi. Mwaka 2009 kampuni ya Bosch ilitoa kingine chenye uzito wa gramu 700 tu. Kitu kikiwa kidogo hivyo kinaweza kukaa hata kwenye pikipiki ndogo. Mwaka 2021 Bajaj waliuza huko India Platina 110 yenye ABS kwenye gurudumu la mbele, nayo ni pikipiki ya ukubwa ule ule unaobeba watu wetu kila siku. Kwa hiyo anayesema ABS ni ya pikipiki za wazungu peke yake amechelewa.

Waliotangulia wameona nini

Nchini Marekani kuna taasisi ya kampuni za bima inayochunguza ajali, IIHS. Walichukua pikipiki za aina moja, zenye ABS na zisizo nayo, wakalinganisha ajali za kuua. Mwaka 2013 walitoa jibu kwamba zenye ABS zilikuwa na ajali hizo pungufu kwa asilimia 31. Walipohesabu tena mwaka 2021 wakiwa na habari nyingi zaidi, wakapata asilimia 22. Utafiti mwingine wa mwaka 2015 uliangalia ajali za kuumiza katika nchi tatu za Ulaya: zilipungua asilimia 24 Italia, 29 Uhispania na 34 Uswidi.

Kwa sababu ya mambo kama hayo Umoja wa Ulaya uliamuru kwamba tangu 2016 kila aina mpya ya pikipiki yenye injini kubwa kuliko cc 125 iwe na ABS, na tangu 2017 zote mpya. India ilifuata 2018 na 2019. Zilizo chini ya hapo waliruhusu mtambo mdogo zaidi, nitaueleza.

Sasa, msomaji, usizichukue namba hizo na kuzipeleka stejini kama zilivyo. Nyingi ya pikipiki hizo ni kubwa, zinakwenda kwenye lami nzuri, mwendeshaji ana helmeti ya kweli na abiria hayupo. Tena anayelipia ABS kwa hiari yake huenda ni mtu mwangalifu tangu mwanzo. Hata hivyo, ukitoa punguzo lote hilo, bado kinachobaki ni kikubwa. Ni vitu vichache vinavyofungwa kwenye pikipiki ambavyo vimepimwa mara nyingi hivyo na kila mara vikaonekana vinaokoa.

Mahali ambapo ABS haitakusaidia

Ya kwanza ndiyo iliyonifanya niandike somo hili, na muuzaji hatakuambia. Pikipiki ndogo zenye ABS huwa na ile ya gurudumu la mbele tu. Nyuma ni drumu ya kawaida. Sasa fikiria mtu kama nilivyokuwa mimi, ambaye mkono wake haujawahi kugusa breki ya mbele. Anainunua, analipa pesa zaidi, siku ya hatari anakanyaga ya mguu kama alivyozoea. ABS yake inamtazama tu. Gurudumu la nyuma linajifunga na anaingia mtaroni na pikipiki mpya. Amenunua mwavuli akauacha nyumbani.

Ya pili ni murram. Kwenye changarawe iliyolegea, gurudumu lililojifunga huchimba na kusukuma rundo la mawe mbele yake, na rundo hilo husaidia kusimama. ABS hairuhusu kujifunga, kwa hiyo umbali wa kusimama unaweza kuwa mrefu zaidi. Ndiyo sababu baadhi ya pikipiki kubwa za safari za porini zina swichi ya kuizima. Je, basi kwenye murram ABS ni mbaya? Nasema hapana, kwa sababu gurudumu la mbele likijifunga kwenye changarawe unaanguka, na heri kusimama mbali kidogo ukiwa wima. Lakini mwenye ABS asidhani murram imekuwa lami. Mwendo upungue kabla ya mteremko.

Ya tatu ni kona. ABS ya kawaida imetengenezwa kwa pikipiki iliyo wima. Ukiwa umeilaza kwenye kona haina ahadi kamili. Zipo zinazopima hata kulala kwa pikipiki, ya kwanza ilikuja mwaka 2013 kwenye KTM 1190 Adventure, lakini hizo hazituhusu stejini.

Na zaidi ya hayo, ABS haizuii gari kukugonga kutoka nyuma, haimwondoi mlevi barabarani, na haifanyi tairi kipara kushika. Kompyuta inaweza tu kugawa ushikaji uliopo. Kama tairi halina kashata, hakuna cha kugawa.

Jihadhari na majina yanayofanana

Boxer na TVS nyingi tunazozijua zina breki za drumu zinazovutwa kwa waya. Hizo haziwezi kuongezewa ABS na fundi, hata akuahidi nini, kwa sababu ABS hufanya kazi kwa mafuta ya breki na diski.

Kuna mtambo unaoitwa CBS. Huo unaunganisha breki mbili: ukikanyaga ya mguu, ya mbele nayo inavutwa kiasi. Ni kitu kizuri, hasa kwa wale wa mguu peke yake, na ndio ulioruhusiwa Ulaya na India kwa pikipiki ndogo. Lakini hauna kihisi wala kompyuta, na gurudumu bado linaweza kujifunga. Tofauti ya herufi moja tu imewachanganya wengi.

Halafu kuna vile vichuma vidogo vya rangi vinavyouzwa kwa bei ya chakula cha mchana, vimeandikwa ABS, vya kufungwa kwenye bomba la mafuta ya breki. Havina kihisi. Havijui gurudumu linazunguka au limesimama. Ukionyeshwa kimoja, uliza hivi: "Kinajuaje gurudumu limejifunga?" Halafu nyamaza usubiri jibu.

Tuje kwenye pesa

Kijana aliporudi Jumapili iliyofuata tulikaa na kalamu. Alisema baada ya petroli na chakula hubaki na kama shilingi 500 kwa siku. Tofauti ya bei kati ya zile pikipiki mbili tuliiweka shilingi 40,000, kwa hesabu tu. Wewe weka ile uliyoambiwa dukani kwenu. Basi ABS ni siku 80 za kazi. Ni nyingi, tusidanganyane.

Upande wa pili tukaandika mfupa wa paja. Mtu mzima akivunjika hapo, kupona huchukua miezi mitatu hadi sita. Tukachukua minne: siku 120 bila kazi, yaani shilingi 60,000 hata kabla hujataja hospitali, vyuma, nauli za mama anayeleta chakula, na mkopo ambao hausubiri mfupa uunge. Bado hatujamhesabu abiria, ambaye hakuchagua pikipiki wala breki.

"Lakini Mwalimu," akasema, "mimi sijawahi kuanguka." Nami nikamjibu kwamba hata mimi sikuwa nimewahi, mpaka Nyang'ori.

Hapo nikamuuliza maswali yangu matatu. Unaendesha wapi? Akasema siku nyingi ni lami, Mamboleo kwenda juu hadi Majengo, mara nyingi na abiria, na mteremko wakati wa kurudi. Ukienda duka hilo, nani atatengeneza hiyo breki ikiharibika? Hakujua. Na breki ya mbele ya pikipiki unayoendesha sasa ikoje? Akacheka, akainama. Ilikuwa imelegea kama yangu ya zamani.

Maoni yangu nilimpa hivi, na ndiyo ninayowapa ninyi. Mtu wa lami, wa kasi ya kilomita 50 na kuendelea, mwenye abiria na mvua za kwetu, akiweza kununua pikipiki yenye ABS bila kuingia mkopo wa kumlaza macho, na yupo fundi na spea karibu, ainunue. Sioni matumizi bora ya shilingi hizo. Lakini mtu wa njia za milimani, murram tupu, mwendo wa kilomita 30, aanze na matairi mawili mazuri, breki shuu mpya na helmeti inayofungwa kidevuni. Na yule ambaye ABS itamlazimu kuendesha usiku na mchana ili alipe deni, huyo asinunue. Usingizi kwenye usukani hauna kompyuta ya kuuzuia.

Wazee wa stejini hawatakubaliana nami. Nimewasikia. Wanasema wameishi miaka yote bila herufi hizo. Ni kweli, walio hai wanasema hivyo.

Kabla hujalipa

Ukifungua swichi, taa yenye herufi ABS lazima iwake. Ukianza kutembea na kushika mwendo kidogo lazima izime. Kama haiwaki kabisa, hasa kwenye pikipiki iliyotumika, uliza kwa nini; pengine mtu ameiondoa ili usijue kwamba mtambo umekufa. Kama inabaki kuwaka, ABS haifanyi kazi, ingawa breki zenyewe zitashika kama za kawaida na unaweza kufika kwa fundi polepole.

Lile duara la meno na kihisi chake vinachukia matope. Vioshe pole pole. Usivichokonoe kwa bisibisi. Mafuta ya breki hunyonya maji kutoka hewani, kwa hiyo yabadilishwe kila miaka miwili kwa aina iliyoandikwa kwenye kifuniko. Fundi akitaka kutia oili ya injini humo, ondoka na pikipiki yako hata kama ni kwa kuisukuma.

Na wewe ambaye utaendelea na drumu, ambao ndio wengi, yako ni haya. Waya wa breki ya mbele ukazwe, upakwe oili, ukianza kuchanika nyuzi ubadilishwe siku hiyo hiyo. Breki shuu zikaguliwe kabla hazijaanza kulia. Ukivuka maji mtoni, vuta breki kidogo kidogo ukitembea ili drumu ikauke. Kwenye mteremko mrefu rudisha gia, injini ikushikilie. Drumu ikipata moto sana inakuwa kama haipo.

Zoezi la uwanjani

Mpaka naandika haya kijana hajanunua. Ameenda kutafuta fundi anayeijua ABS, na huku ameshakaza waya wa mbele wa pikipiki ya tajiri wake kwa pesa zake mwenyewe. Jumamosi iliyopita alikuja uwanjani pamoja na wenzake sita tufanye zoezi. Nanyi mnaweza kulifanya. Mnahitaji mahali palipo sawa, pakavu, pasipo na watoto, chokaa ya kuchora mstari, na helmeti kwa kila mtu. Siku ya kwanza asiwepo abiria.

Njoo kwa kilomita 20 kwa saa, pikipiki ikiwa wima, macho yakitazama mbali na si kwenye gurudumu. Ukifika mstarini, vuta klachi, kanyaga ya mguu kidogo, na ya mbele uikamue kwa vidole viwili kama mtu anayekamua ng'ombe: unaanza polepole, halafu unaongeza. Usiinyakue. Utasikia mbele inazama. Hapo sasa ndipo uongeze nguvu. Ukisikia gurudumu la mbele limejifunga, achia mara moja kisha kamua tena. Ukifanya hivyo unafanya kwa mkono ile kazi ya kompyuta, ingawa polepole zaidi.

Rudia mara kumi. Kisha nenda kilomita 30 kwa saa, mara kumi tena. Fanya mara mbili tatu kwa breki ya nyuma peke yake, uone mwenyewe unapoishia. Sisi tulipofanya, kijana mmoja aliyebisha sana alikwenda akahesabu hatua zake mara mbili, akidhani tumemwibia.

Mwenye ABS naye afanye, ili auzoee mtetemo wa mkono wa breki kabla ya siku ya hatari. Baada ya lami au uwanja mkavu, rudieni kwenye nyasi zenye umande kwa mwendo wa chini zaidi. Na anayehesabu hatua asimame kando ya mstari, kamwe si mbele yake.